Saa Janja na Wi-Fi za Thika na Ruiru: Ruhusa Ilitoka Wapi?

Swali linalorudi kila mara kwenye vibanda vya simu vya Thika mjini, siku mbili tatu baada ya mtu kununua saa janja, si la bei wala la mkanda. Ni hili: "Mimi sijaiwekea nywila ya Wi-Fi hata siku moja. Imejiungaje?" Anayeuliza ameona alama ya Wi-Fi kwenye kioo cha saa, au jirani anayelipia intaneti ya ghorofa amemwambia kuna kifaa kigeni kwenye ruta. Wapo wanaodhani saa imedukuliwa. Wapo walioizima Wi-Fi jioni, wakaikuta imewaka tena kesho yake asubuhi, na hapo wasiwasi ukawa hofu kamili.

Jibu fupi ni kwamba ruhusa waliitoa wenyewe, ila waliitoa kwenye simu, pengine miaka miwili kabla saa haijatoka dukani. Saa hurithi kumbukumbu ya simu. Jibu refu linagusa mambo mawili kwa pamoja: jinsi saa hizi zilivyoundwa, na aina ya Wi-Fi tuliyonayo katika ukanda huu wa Barabara ya Thika. Walioziunda walikuwa na picha ya nyumba moja yenye familia moja, ruta moja na nywila isiyobadilika mwaka mzima. Ruiru haiko hivyo. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huo watu 490,120, wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, na wengi wao ni wapangaji wa maghorofa. Intaneti yao ni ya kuchangiana, ya kulipia kwa saa, ya kuomba kwa jirani, au ya kuwashiwa na ndugu kwenye simu yake. Kifaa kilichozoeshwa nyumba ya aina ile kikiletwa Kihunguro, Kimbo au Makongeni kitafanya mambo ya ajabu, na karibu yote yana maelezo.

Kabla ya hayo maelezo, hakikisha saa yako ina Wi-Fi kweli. Kundi la kwanza, saa nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu, hazina. Mikanda ya Xiaomi, saa nyingi za Oraimo, na zile nakala za Apple Watch Ultra zinazopangwa kando ya chaja na vipokea sauti, huwasiliana na simu kwa Bluetooth tu. Ukiona ujumbe wa WhatsApp kwenye saa ya namna hiyo, ujue simu ndiyo iliyoupokea, kisha ikausukuma mkononi. Saa haijui Wi-Fi ni kitu gani. Kuthibitisha ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya saa yenyewe na utafute neno Wi-Fi. Lisipokuwepo, shida unayoitafuta iko kwenye simu. Ila kuna nakala chache zinazoendeshwa na Android kamili, zina tundu la laini na Wi-Fi, na hizo ni simu ndogo zilizofungwa mkanda. Zichukulie kama simu.

Kundi la pili ni saa za watoto, zile za rangi zenye laini na kitufe cha dharura. Nyingi hazijiungi na Wi-Fi ya mtu, lakini huisikiliza. Mtoto akiwa ndani ya jengo ambamo GPS haishiki, saa husoma utambulisho wa ruta zilizo karibu, huutuma kwenye seva ya kampuni, na seva hukisia mtoto yuko wapi. Mzazi aliye kazini Nairobi anafurahi kuona alama ya mtoto pale shuleni Ruiru, na ana haki ya kufurahi. Ila afahamu kwamba mwaka 2017 Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zinazoweza kuwashwa kimyakimya ili kusikiliza kinachoendelea karibu na mtoto, na mwaka huohuo Baraza la Watumiaji la Norwe lilifichua udhaifu mkubwa wa usalama katika saa kadhaa za aina hii. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa maslahi ya mtoto. Sanduku la saa ya elfu mbili lisilo na jina la kampuni wala anwani halimpi mzazi mtu wa kumuuliza.

Kundi la tatu ndilo linalotuhusu zaidi: Apple Watch, Galaxy Watch za Samsung, Pixel Watch za Google na nyingine zinazoendeshwa na mfumo wa Wear OS, pamoja na baadhi ya saa za Garmin ambazo wakimbiaji na waendesha baiskeli wa Thika Road huzipenda. Hizi zina Wi-Fi yao zenyewe.

Tabia yao ilianza mapema. Apple Watch ya kwanza iliingia sokoni Aprili 2015, na mwezi huohuo Google ilitangaza kwamba saa za Android nazo zitaanza kutumia Wi-Fi kuifikia simu iliyo mbali. Kanuni iliyowekwa wakati huo haijabadilika sana. Simu ikiwa karibu, saa hutumia Bluetooth, kwa sababu Bluetooth hula chaji kidogo mno. Bluetooth ikikatika, saa hutafuta Wi-Fi inayoijua. Ikikosa, na kama ni ya aina yenye laini ya ndani, hugeukia mtandao wa simu. Mpangilio huo hujiendesha, hakuna anayeulizwa.

Saa inaijuaje Wi-Fi ambayo hukuiwekea? Kwa Apple, mtandao wowote ambao iPhone iliwahi kujiunga nao huku imeunganishwa na saa kwa Bluetooth hufahamika pia na saa, nywila ikiwemo. Samsung nayo ina njia ya kusawazisha mitandao iliyohifadhiwa kati ya simu na saa. Garmin ni tofauti kidogo: mitandao huongezwa na mwenyewe kupitia programu ya Garmin Connect, na saa huwasha Wi-Fi pale inapotaka kupakia mazoezi, kupakua muziki au kusasisha mfumo, kisha huizima. Mwenye Garmin kwa hiyo ana malalamiko machache zaidi, na hiyo ndiyo sababu.

Sasa tuone faida, maana watu wengi huikatia saa hukumu kabla ya kusikia utetezi wake. Chukua ghorofa la kawaida la Ruiru, nyumba za chumba na sebule, kamba za nguo juu ya paa. Simu umeiacha kwenye chaji orofa ya pili. Umepanda juu na beseni. Bluetooth kwa kawaida hufika mita 10 hivi palipo wazi. Slabu mbili za zege na ukuta wa mawe huikata kabla hujafika kwenye ngazi ya mwisho. Bila Wi-Fi, saa inabaki kukuonyesha saa na hatua zako. Ikiwa na Wi-Fi ya nyumbani, na simu huko chini ikiwa bado hewani, arifa zinaendelea kuja: zinatoka kwenye simu, zinapitia seva za Apple au Google, zinarudi Ruiru kwenye mkono wako. Mjumbe wa boda akikutumia ujumbe kwamba amefika getini, utauona. Mimi naihesabu hiyo kuwa huduma nzuri, na ndiyo maana siungani na mafundi wanaomwambia kila mteja azime Wi-Fi ya saa moja kwa moja.

Matatizo yanaanzia kwenye aina ya Wi-Fi.

Ukitembea jioni kutoka stendi ya Ruiru kuelekea mitaani, simu itakuorodheshea mitandao isiyo na nywila yenye majina ya biashara na bei zake ndani ya jina: shilingi kumi, shilingi ishirini, siku nzima kwa shilingi kadhaa. Unajiunga, ukurasa unafunguka, unaweka nambari yako, ombi la M-Pesa linakuja, unaweka PIN, intaneti inafunguka. Nyuma ya ukurasa huo mara nyingi kuna ruta ya MikroTik juu ya mlingoti, na kijana anayenunua intaneti kwa jumla na kuiuza kwa rejareja. Ni biashara iliyorahisisha maisha ya wanafunzi wa Zetech, wa JKUAT pale Juja na wa Mount Kenya University kule Thika kuliko mradi wowote wa umma ninaoufahamu. Ndiyo, kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na si kila mlingoti una leseni hiyo. Lakini biashara ipo.

Saa haiwezi kuufungua ukurasa ule. Apple husema wazi kwamba saa zake hazijiungi na mitandao ya umma inayodai kuingia kwa akaunti au malipo. Garmin haina hata kivinjari cha kuuonyeshea ukurasa. Kwenye saa nyingine hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu saa hujiunga kweli, alama ya Wi-Fi hutokea, lakini hakuna kinachopita. Mwenye saa anaona ameunganishwa, arifa hazionekani. Anadhani saa ni mbovu, anairudisha kwa muuzaji, wanagombana. Saa ni nzima. Tatizo ni kwamba imekaa mlangoni pa duka ambalo haliiuzii.

Hapa niondoe hofu moja inayosambaa sana: saa haiwezi kukukata pesa za M-Pesa kwa kujiunga na Wi-Fi ya mtaani. Malipo yale yanadai PIN yako kwenye simu, na kifurushi hufungwa kwenye anwani ya kifaa kilicholipiwa. Kinachoweza kukupotezea shilingi kumi ni kitu kingine kabisa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, na kwa Apple tangu 2020, simu na saa hutumia anwani za kubuni badala ya ile halisi ya kiwandani ili zisifuatiliwe. Ukiufuta mtandao wa mtaani kwenye simu kisha ukajiunga upya, huenda simu ikaja na anwani mpya, na kifurushi chako cha saa 24 kikabaki kwenye ile ya zamani. Kabla ya kufuta mtandao wa kulipia, maliza kwanza ulichonunua.

Wi-Fi ya ploti ina vituko vyake. Intaneti ya nyuzi ya nyumbani hulipiwa kila mwezi, na wapangaji watatu wanne huichangia. Mmoja anashika ruta, wengine wanashika nywila. Mwezi ambao mtu hakuchanga, mwenye ruta hubadilisha nywila, wote wanatolewa, kisha waliolipa wanapewa mpya kimyakimya kwenye korido. Simu inawekewa nywila mpya. Saa, ikiwa wakati huo haikuwa karibu na simu au haijasawazishwa, inabaki na ile ya zamani. Inajaribu na kukataliwa, na chaji inaliwa bila faida. Dawa ni kuiunganisha simu na nywila mpya huku saa ikiwa mkononi, Bluetooth ikiwa imeshika. Isipofaulu, ufute mtandao huo kwenye saa na uuweke upya.

Vituko vya upande wa pili ni vya mwenye ruta. Siku intaneti inapokuwa nzito, hufungua ukurasa wa ruta. Kwenye visanduku vingi vya Huawei vya nyuzi anwani yake ni 192.168.100.1. Anaanza kuhesabu. Walipewa nywila watu wanne, orodha ina vifaa kumi na tatu. Simu nne, televisheni mbili, kompyuta, na majina asiyoyaelewa, mawili yakiwa ya saa. Mara anagonga milango akiuliza nani amegawa nywila. Hakuna aliyegawa. Saa ziliingia zenyewe, kihalali, kwa ruhusa ya simu za wapangaji halali. Na ukweli ni kwamba saa siyo iliyoifanya intaneti kuwa nzito: hutuma na kupokea vijisehemu vya data kwa siku nzima, ukiondoa siku ya kusasisha mfumo. Video kwenye ile televisheni ndiyo ya kulaumiwa, na ukiongeza ruta za majirani zinazobanana kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, ambako kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, picha inakamilika.

Kisha kuna hotispoti ya simu, na hapa saa inaweza kweli kumtia mtu hasara. Mazungumzo yanayosikika kwenye kibanda cha fundi huenda hivi.

"Kijana wangu, hii saa aliyoninunulia binti yangu inamaliza bando za mzee."

"Mama, hebu nipe simu yako kwanza."

"Simu haina shida. Ni saa."

"Najua. Nipe tu simu nikuonyeshe."

Fundi anafungua orodha ya mitandao iliyohifadhiwa. Juu kabisa ni hotispoti ya mzee, ambayo mama aliwahi kujiunga nayo siku stima ilipopotea na ruta ikazima. Tangu siku hiyo, kila mara mzee anapowasha hotispoti sebuleni na simu ya mama ikiwa imebaki chumbani au imezimika chaji, saa inaiona, inaitambua, inaingia. Arifa peke yake hazimalizi bando. Lakini saa ikiwa kwenye chaji usiku, na hotispoti ikiwa imeachwa wazi, mfumo unaweza kuamua huo ndio wakati mzuri wa kusasisha programu, na sasisho la saa linaweza kufika mamia ya megabaiti. Bando ya siku ya mzee haivumilii hilo.

Fundi wa namna hiyo, anayeomba simu badala ya saa, ndiye wa kumrudia. Anayeanza kwa kufungua saa kwa bisibisi, muage.

Kupotea kwa stima kwenyewe kunastahili neno. Stima ikipotea ruta inazima, simu inageukia data zake, na saa iliyo karibu na simu haijui kama kuna kilichotokea. Iliyo mbali na simu ndiyo inayohangaika, kwani inaendelea kutafuta Wi-Fi isiyokuwepo, na utafutaji ni moja ya kazi zinazokula chaji ya saa. Kwa miaka mingi Apple iliahidi saa 18 za chaji kwa saa zake za kawaida. Mtu anayeacha simu nyumbani na kushinda kwenye mitaa iliyojaa mitandao inayofahamika nusunusu asishangae akifika jioni akiwa na saa iliyolala.

Usalama nimeuacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndio unaotiwa chumvi zaidi. Kifaa kinapoamua kujiunga chenyewe, hutazama jina la mtandao na aina ya ulinzi wake. Mtandao wenye nywila una kinga: tapeli akifungua mwingine wenye jina lilelile, ni lazima aijue nywila ndipo kifaa chako kikubali. Mtandao usio na nywila hauna kinga hiyo. Jina peke yake linatosha. Mtu mwenye kompyuta na nia mbaya akikaa kwenye mkahawa wa Thika au ndani ya duka kubwa, akafungua Wi-Fi yenye jina la ile ya bure uliyoitumia mwaka juzi, simu yako inaweza kujiunga bila kukuuliza, na saa ikaifuata. Hatasoma PIN yako ya M-Pesa, wala mazungumzo yako ya WhatsApp, kwa sababu hayo husafiri yakiwa yamefungwa kwa siri. Anachoweza kuona ni huduma unazozifungua, na anaweza kukuletea kurasa za uongo zinazokuomba uingie. Kwa saa isiyo na kivinjari cha maana, hatari hiyo ni ndogo kuliko kwa simu. Ipo, lakini si ya kukukosesha usingizi.

Tumejijazia orodha za mitandao ya wazi kwa miaka mingi bila kujua. Nakuru ilipata Wi-Fi ya bure ya mjini mwaka 2014. Matatu zilipata Vuma ya Safaricom, baadaye Moja ya kampuni ya BRCK, na abiria wa Thika Road walijiunga wakiwa kwenye foleni. Kisha hoteli, hospitali, makanisa, maduka makubwa. Serikali ya sasa nayo iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma nchini, vingi vikilenga masoko. Kila mara ulipobofya kujiunga, simu iliandika jina. Simu mpya ikahamishiwa orodha ya simu ya zamani. Halafu ukanunua saa.

Na kuna suala la kufuatiliwa. Agosti 2013, jijini London, iligunduliwa kwamba mapipa ya taka ya kampuni moja ya matangazo yalikuwa yakirekodi anwani za simu za wapita njia kwa kusikiliza Wi-Fi yao, na halmashauri ya City of London ikaamuru zoezi hilo likome. Anwani za kubuni nilizozitaja zilikuja kujibu mambo ya aina hiyo. Ukikuta kwenye simu au saa yako chaguo la anwani ya faragha, liache limewashwa, hata kama mwenye ruta ya ploti atalalamika kwamba kila mara anaona kifaa kigeni.

Tuje kwenye kuidhibiti.

Anza kwenye simu. iPhone zenye iOS 16 ya mwaka 2022 na kuendelea huonyesha orodha nzima ya mitandao inayojulikana ukibofya kitufe cha kuhariri kwenye ukurasa wa Wi-Fi. Simu za Android huiweka chini ya mitandao iliyohifadhiwa. Pitia jina moja moja. Kila mtandao usio na nywila, futa. Kila nyumba uliyohama, futa. Hotispoti ya mtu yeyote usiyekaa naye, futa. Ile ya mzee, kama mnaishi pamoja, usiifute. Ondoa tu chaguo la kujiunga yenyewe, na mzee naye aweke kikomo cha data kwenye hotispoti yake, kitu ambacho simu nyingi za Android zinaruhusu. Kazi hii inachukua muda wa kikombe cha chai, na ndiyo inayotatua sehemu kubwa ya malalamiko yote niliyoyataja.

Halafu hamia kwenye saa. Kwenye Apple Watch, kubofya alama ya Wi-Fi katika ukurasa wa njia za mkato hukata muunganisho kwa muda tu. Ukiondoka na kurudi pale penye mtandao unaojulikana, inajiunga tena, na hii ndiyo siri ya Wi-Fi inayofufuka asubuhi. Ukitaka iachane na mtandao fulani kabisa, ingia kwenye mipangilio ya saa, chagua Wi-Fi, bofya jina la mtandao, kisha "Forget". Kwenye Galaxy Watch, mipangilio ya miunganisho ina chaguo la kuiwasha Wi-Fi daima, kuizima, au kuiacha ijiwashe pale tu simu inapokuwa mbali. Maneno hubadilika kidogo kutoka toleo moja hadi jingine, lakini hilo la tatu ndilo la kuchagua. Saa nyingine za Wear OS nazo zina chaguo la aina hiyo. Wi-Fi iliyowashwa daima mkononi mwa mtu anayetembea na simu mfukoni ni kumaliza chaji bure.

Mwenye ruta naye ana uwezo wake. Afungue mtandao wa wageni wenye nywila yake, aweke humo televisheni, saa na wanaopita, na aubakize ule mkuu kwa wanaolipa. Kuzuia saa kwa anwani yake mara nyingi ni kujichosha, kwani anwani ya kubuni inaweza kubadilika. Akitaka kweli kuziweka nje Apple Watch za kabla ya Series 6 ya mwaka 2020, mawimbi ya gigahezi 5 pekee yatatosha, maana hazina uwezo wa kuyasikia. Ila atawatupa nje pia wenye simu za bei ya chini, na ugomvi wa korido utaanza upya. Mpangaji mwenzake naye asisahau upande wa sheria: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa. Ukiacha kuchangia, kufuta nywila ya ghorofa kwenye simu na saa yako ni adabu na ni tahadhari.

Kuhusu laini ya ndani ya saa, nitapita haraka. Safaricom ilianza kutoa eSIM, yaani laini iliyo ndani ya kifaa bila kadi, mwaka 2021, na wauzaji wengine huitumia habari hiyo kumshawishi mteja aongeze maelfu kwa ajili ya saa yenye laini. eSIM ya simu peke yake haitoshi. Ni lazima mtandao uwe umeikubali saa ya aina hiyo na uwe na huduma yake. Uliza dukani kwa kampuni ya simu kabla ya kulipa, si kwa muuza saa.

Hukumu yangu ni kwamba Wi-Fi ya saa iachwe ijiendeshe nyumbani na kazini, kwenye mitandao miwili au mitatu yenye nywila unayoijua, na kwingine kote isijue chochote. Kuizima kabisa ni kulipia kitu na kukitumia nusu. Kuiacha na orodha nzima ya miaka kumi ni kuwaachia wengine waamue inapojiunga.

Jambo moja husahauliwa na karibu kila mtu anayeuza saa ili kuongeza kodi ya mwezi. Kabla hujaitoa mkononi, itenganishe na simu kupitia programu yake na uifute yote hadi iulize lugha kama ilipotoka kiwandani. Anayenunua ya mitumba aifanyie vivyo hivyo mbele ya muuzaji, na Apple Watch inayodai akaunti ya mtu mwingine airudishe hapohapo. Usipoifuta, unaiuza pamoja na nywila ya Wi-Fi ambayo ploti nzima inaichangia.